Mgeni wa Kwenye Keria

Vuta hicho kigoda ukae. Kama una pa kwenda, nenda sasa hivi, maana hii nikishaianza sipendi mtu aniinukie katikati. Na wewe ulo karibu na mlango, urudishe. Si kwamba naogopa. Urudishe tu.

Wamjua Khubaib? Khubaib wa Kibokoni, yule wa mikate. Twakaa nyumba moja, yeye na mamake juu, sisi chini. Kila alfajiri watu wakitoka kuswali, Khubaib kashapita na beskeli yake nyeusi, kreti la mikate limefungwa nyuma kwenye keria, apeleka Makadara kwenye mikahawa, kisha azunguka mpaka Kizingo kwenye yale majumba ambayo mbwa wao wala vizuri kushinda sisi. Miguu yake, yakhe, misuli imejinyonga kama kamba ya nanga. Mtu wa maneno mazuri pia. Hapiti kwa mtu bila salamu, hali kitu bila kusema karibu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa sote.

Basi huyu Khubaib kaoa. Kaoa binti wa Kitaita, Wakesho, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale ufukweni Mama Ngina. Khubaib alikula muhogo jioni baada ya jioni mpaka tumbo likamkata, ndipo akapata ujasiri wa kuuliza jina la muuzaji. Wakafunga ndoa, Wakesho akahamia kwetu, mama wa watu akampenda. Mimba ilipokuwa kubwa akaenda kwao kujifungulia kwa mamake, huko juu milimani, kabla hujafika Wundanyi. Khubaib akaahidi atakuwepo mtoto akizaliwa.

Hakuwepo. Tajiri wake wa mikate alimkatalia ruhusa. Akaahidi tena atakuja wiki ifuatayo. Mamake, Bi Mwanakuu, akalala na presha, Khubaib hakwenda. Ndipo baba mkwe mwenyewe, Mzee Mwakio, akapiga simu. Khubaib aliiweka sauti ya juu, sote tukasikia mpaka ngazini.

"Sikiza, kijana. Ninyi watu wa Mombasa mnaongea vizuri mpaka mtu anasahau kwamba hamjafanya kitu. Jumamosi asubuhi tunamtoa mtoto nje, anapewa jina. Ukiwepo, utalitaja wewe. Ukishindwa, tuma hata mzee mmoja wa kwenu alitaje. Msipofika, jina nitatoa mimi, na hapa kwangu usikanyage tena."

Khubaib alikuwa na jina lake tayari. Gharib, jina la marehemu babake. Bi Mwanakuu alikuwa hajalitamka jina lile kwa sauti tangu siku ya maziko, lakini siku hiyo alilitamka, akacheka, akafuta machozi na mtandio.

"Nenda ukaniletee Gharib wangu," akasema.

Ijumaa hiyo matatu zote za upande ule ziligoma. Khubaib akapata bahati: binamu yake Riyadh alikuwa apeleka lori la saruji Taveta. Akarusha beskeli juu ya mifuko, akaingia mbele. Bi Mwanakuu akampa mahamri kwenye kitambaa na mbaazi za nazi kwenye kibakuli cha mfuniko, za njiani.

"Na hiyo beskeli je?" Riyadh akauliza. "Wenda ukweni ama wenda kuuza mikate?"

"Utanishusha Mwatate. Pale juu ntapanda mwenyewe."

Riyadh alicheka mpaka akapiga honi bila kutaka. "Wewe! Mlima uujuao wewe ni ule mteremko wa feri Likoni, na hata huo washuka ukisukuma! Utafika kwa wakweo ulimi umekufunga shingo kama tai."

"Nicheke tu. Kesho mie ntaitwa baba Gharib, wewe utaitwa mchukuzi wa saruji."

Walikwenda wakitaniana hivyo. Ilikuwa siku nzuri, nataka ujue hivyo. Jua, vumbi, Riyadh aimba vibaya. Gurudumu likapasuka Maungu, wakakaa pale mpaka jua likazama, na hata hapo hawakuona kama ni balaa. Lori lilipomshusha njia panda ya Mwatate, Isha ilishaswaliwa.

Pale stendi palikuwa na watu wa boda boda wamejikunyata kwenye makoti. Mmoja, jina lake Levi, akamtazama Khubaib na beskeli yake kama mtu atazamaye maiti atembea.

"Nipeleke juu, kaka," Khubaib akamwambia. "Beskeli twaifunga nyuma."

"Leo hapana. Ukungu umeshuka. Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi mwanangu apewa jina. Nisipokuwepo nimempoteza."

Levi akautazama mlima. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Basi panda. Lakini usikae kando ya barabara. Ukichoka, sukuma. Usikae."

"Kuna majambazi?"

Levi akawageukia wenzake. Hakuna aliyecheka.

"Majambazi wenyewe hawapiti," akasema.

Khubaib akapanda.

Mwanzo aliona mchezo. Lami nzuri, beskeli nyepesi, hana kreti, hana mikate. Taa yake ndogo ya mbele ikamulika pale mbele ya gurudumu tu. Lakini mlima si Kizingo, bwana. Barabara ile yajikunja, wapanda, wakuta kona, wapinda, wakuta kona nyingine juu ya ile ya kwanza, chini kwako ni shimo na juu yako ni mwamba. Baridi ikamwingia. Mtu wa kisiwani, shati la mikono mifupi! Ukungu ukaja kama moshi wa jikoni kuni zikiwa mbichi. Akasukuma. Akapanda tena. Akasukuma. Miguu ikaanza kutetemeka, na mato yakaona nyota zisizokuwepo.

Njaa. Alikuwa hajala kitu tangu Maungu.

Kwenye kona moja kulikuwa na jiwe pana, laini, limekaa kama baraza. Yaani limekaa kama lile baraza letu la chini. Khubaib akaegemeza beskeli, akakaa. Kidogo tu, akajiambia. Akafungua kitambaa. Akafungua mbaazi. Harufu ya nazi ikatoka, na moyo wake ukarudi kwao.

Akachovya hamri la kwanza. Pale pale akaona kuna mtu.

Upande wa pili wa barabara. Amekaa chini, amejifunika kitu, blanketi au kaniki. Mkubwa, mabega mapana. Taa haikumfikia. Huenda mzee mlinzi wa shamba, Khubaib akafikiri. Huenda mlevi.

Sasa nisikize hapa. Sisi tukila na mtu apita, twasema karibu. Hata kama chakula ni kipande kimoja. Hata kama mtu mwenyewe humpendi. Na mpitaji husema "starehe", akenda zake. Karibu ile ni ya mdomo, kila mtu aijua. Mtu akikaribishwa hivyo njiani akakaa kweli akala, atasemwa mtaa mzima mpaka Ramadhani. Khubaib hakufikiri. Mdomo ulijisemea wenyewe, kama kope zifumbavyo vumbi likija.

"Karibu."

Hakusikia starehe.

Alisikia kitambaa chavutwa. Akatazama chini. Mahamri yalikuwa yapungua.

Hakuona mkono. Aliona hamri liko, kisha haliko. Na pembeni yake, karibu sana, karibu kuliko mtu awezavyo kuvuka barabara kwa muda ule, mtu akitafuna. Polepole. Kwa adabu. Mdomo umefungwa.

Khubaib akatazama ng'ambo. Pale alipokuwa amekaa yule mtu hapakuwa na mtu.

Akataka kukimbia. Lakini adabu ni kitu kibaya sana, ndugu yangu, adabu hukufanya uone haya hata kukikimbia kinachotaka kukuua. Alingoja mpaka kutafuna kukaisha. Akafunga kibakuli, kilikuwa kimelambwa kikavu. Akainuka. Na akasema, kwa sauti ya mtu aagaye barazani, lile neno jingine tusemalo bila kufikiri:

"Haya, mie nenda juu. Twende."

Akapanda beskeli. Akakanyaga.

Keria ya nyuma ikalia. Ule mlio wa chuma ukikaliwa na mtu mzima.

Khubaib abeba mikate miaka sasa. Uzito aujua kwa mgongo, hahitaji mizani. Akajua nyuma yake kuna mwili. Umekaa upande upande, kama wakaavyo wanawake, miguu yote kushoto. Gurudumu likabonyea. Kila kona mwili ule ulijiinamisha pamoja naye, kama abiria mzoefu.

Akataka kushuka. Miguu ilikataa kuacha pedali.

Akaanza kusoma. Ayatul Kursi, kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, maana pumzi haikutosha. Nyuma yake hapakuwa na kelele, hapakuwa na kukimbia. Palikuwa na kimya. Kimya cha mtu asikilizaye vizuri.

Kisha pumzi shingoni. Baridi. Ilinuka mbaazi za mamake.

"Mbali?" kikanong'ona.

Khubaib alijibu. Mwenyewe mpaka leo hajui kwa nini alijibu.

"Si mbali."

Kona. Kona nyingine. Ukungu. Jasho la baridi. Uzito ukaongezeka, sasa ni watu wawili, sasa ni kama gunia la mchanga uliolowa. Cheni ikalia kama mtoto. Simu ikatetemeka mfukoni, ni Wakesho, akaogopa kuigusa.

"Kuna mtoto?" kikanong'ona.

Hakuwa amemwambia.

Alinyamaza. Mara hii alinyamaza. Na aliyeko nyuma akacheka kidogo, ule mcheko wa mgeni aambiwaye hakuna chakula na huku anusa pilau.

Nyumba ya Mzee Mwakio iko kando ya barabara, geti la mabati, mgomba mbele. Khubaib aliiona taa. Ndani mtoto alia. Mwanawe. Mara ya kwanza kumsikia sauti, na alimsikia hivyo, amesimama gizani nje ya geti, na kile kitu kimekaa nyuma yake chamsikia pia.

Mtoto akanyamaza ghafla, kana kwamba kaguswa mdomo.

Hapo Khubaib akaona kila kitu. Akiingia, ameingia nacho. Nyumba yenye mtoto mchanga hata mtu wa kawaida aliyetoka njiani usiku haingii moja kwa moja, hukaa nje kwanza akapoa. Yeye atapoa vipi? Na asipoingia, asubuhi itafika, jina litatoka, mlango umefungwa. Alitaka kulia. Alitaka kuita. Simu ikatetemeka tena, akaiminya mfukoni kwa nguvu mpaka ikazima.

Mlango ukafunguka. Wakesho akatoka na tochi, kanga begani.

"Khubaib?" kwa sauti ya chini, asiwaamshe watu. "Ni wewe? Nimesikia beskeli."

Khubaib akarudi nyuma hatua, hatua, mpaka ukungu ukamfunika. Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya mtoto.

"Khubaib, usinichezee. Baba yuko macho." Akangoja. "Basi ingia. Karibu ndani, kuna baridi."

Sauti ya mzee ikatoka nyuma: "Nani?"

"Sijui, baba. Nadhani..."

Khubaib hakungoja kusikia. Akageuza beskeli akaachia breki.

Akashuka mlima kama jiwe. Upepo wamkata uso, machozi yaenda masikioni. Nimemtoa, akajiambia. Mwanangu nimempoteza lakini nimemtoa salama. Wacha waniite mwongo. Wacha mzee ataje jina alipendalo. Alilia kwa uchungu na kwa furaha pia, maana beskeli ilikuwa nyepesi, yapaa, yateleza kona kwa kona kama haijabeba kitu.

Kama haijabeba kitu.

Akafunga breki katikati ya barabara. Akapeleka mkono nyuma, polepole. Keria ilikuwa tupu. Chuma kilikuwa kimekauka pale katikati, kwengine kote kimelowa umande. Tangu lini? Akajaribu kukumbuka ni wapi aliposikia uzito mara ya mwisho.

Getini.

Simu ilikuwa imekufa. Akageuza. Alipanda mlima ule mara ya pili, sehemu nyingine akitambaa kwa magoti, na usiniulize vipi. Alipofika jua lilishatoka. Watu walikuwa uani, wakila ndizi na nyama. Mzee Mwakio alikuwa getini amevaa koti lake zuri.

"Sasa ndio wewe umefika," akasema. Hakuwa na hasira sana, na hilo likamtisha Khubaib zaidi. "Lakini nimekuheshimu kidogo. Umetuma mtu. Yule mzee wako ana adabu kukushinda."

"Mzee gani, baba?"

"Huyo aliyekuja usiku. Alisema umemkaribisha wewe, na umemwambia twende. Amekaa na mtoto mpaka alfajiri. Jina amelitaja yeye, kama nilivyosema, mbele ya watu, kabla hatujamtoa mtoto nje."

Khubaib akashika geti. "Mimi sina mzee. Babangu amekufa. Ami zangu wamekufa. Mlimwona uso?"

Uani watu wakaacha kutafuna.

Wakesho akaja na mtoto mikononi, uso umemvimba kwa kutolala. "Alikaa upande wa giza," akasema. "Hakutaka taa. Baba akasema ndio desturi ya watu wa pwani, hawapendi kuangaliwa na wanawake." Akamtazama mumewe, na akili ikaanza kumfika. "Khubaib. Yule alikuwa nani?"

"Ameondoka saa ngapi?"

Wakaanza kutazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemsindikiza. Mama mkwe akasema hakufungua mlango. Shemeji akasema yeye alikuwa getini tangu alfajiri, hajaona mtu atoka.

"Jina," Khubaib akasema. "Katoa jina gani?"

Wakesho akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Ni jina fupi. Si la Kiarabu, si la Kitaita. Mtoto alikuwa amelala, hakufumbua jicho.

Lakini kutoka ndani, kwenye chumba ambacho hakikuwa na mtu, sauti nzito ikaitika kwa adabu, kwa lafudhi ya Kibokoni kabisa, kama mtoto mwema aitwapo na wazazi wake:

"Labeka."

Wataita hawaitiki hivyo, wajua. Hapo kila mtu alijua limetoka upande gani.

Mzee Mwakio alimsukuma Khubaib nje kwa mikono yake miwili. "Umetuletea nini?" alisema. "Nilikuomba mtu mmoja. Mmoja tu. Umetuletea nini nyumbani kwangu?" Geti likafungwa. Wakarusha mawe. Moja lilimpata hapa, juu ya jicho, alama ukimtazama utaiona. Mchawi, walimwita. Mchawi wa pwani na majini yake. Yule aliyejinyima kumshika mwanawe ili amwokoe ndiye huyo aliyepigwa mawe kama mbwa, na Mombasa alirudi akaambiwa na watu wa hapa hapa mtaani kwamba ni baba mtoro. Hakubishana. Angesema nini? Kwamba kosa lake ni kusema karibu?

Walijaribu huko kumbadilisha mtoto jina. Wachungaji walikuja, wakaimba, wakaombea kila chumba. Bi Mwanakuu naye kwa simu akamwita Gharib, Gharib, Gharib mpaka sauti ikamkauka. Mtoto atazama ukuta tu, hasikii. Jina lake ni lile moja. Na ukimwita kwa lile, yeye ageuka acheka, na kuitika kwaja kutoka mahali pengine. Mara nyuma ya mlango. Mara chini ya kitanda. Mara, Wakesho alimwambia Khubaib akinong'ona kwenye simu, mara kutoka ndani ya kanga aliyojifunga yeye mwenyewe.

Jina hilo nalijua. Khubaib aliniambia siku moja barazani, kwa kuliandika kwa kidole kwenye vumbi, akalifuta. Usinibembeleze, sikutajii.

Basi juzi, baada ya Asri. Niko hapa hapa chini. Tuktuk ikasimama mlangoni, akateremka Wakesho. Amekonda, kichwa hakijasukwa. Babake kamtoa. Alimwambia, mchukue mwanao umpeleke kwa wenyewe, na mgeni wao aende naye. Mtoto sasa atembea. Mzuri, yakhe, mato ya Khubaib kabisa, miguu minene.

Bi Mwanakuu akashuka ngazi, presha na yote, amefungua mikono. Mwaka na zaidi amngoja mjukuu huyu. Khubaib amesimama nyuma yake, kapauka.

Mtoto akafika kizingitini akasimama. Hakuingia. Alitazama ndani ya nyumba yetu, akatazama baba yake, akangoja. Si kungoja kwa mtoto. Na Wakesho alikuwa bado kwenye tuktuk, ashusha mizigo, ametupa mgongo. Hakuna aliyekuwa amemshika mtoto yule. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa juu, umenyooka mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima, na vidole vyake vidogo vimekunjika, vimefumbata kitu, kama mtoto aliyeshikwa mkono avushwe barabara.

"Mbona amesimama huko?" Bi Mwanakuu akasema. Yeye haoni vizuri. "Khubaib, mwite mwanao aingie. Mwite kwa hilo jina lake, lolote liwalo, mie sijali tena. Mwite, mwanangu, nimshike kabla sijafa."

Khubaib akafungua mdomo. Mtoto akatabasamu, akainua mguu mmoja juu ya kizingiti, akauweka hewani pale, angoja aitwe.

Wewe ndiye Khubaib. Mamako alia mbele yako, mwanao yuko mlangoni, na hajawahi kukaa mikononi mwako hata siku moja. Haya, nambie. Ungemwita?